Kilo Mbili na Nusu

Siku ya tatu baada ya kuanza mazoezi ya nguvu nilishuka ngazi kinyumenyume. Nilishika kingo za ngazi kwa mikono yote miwili, nikawa napapasa kila kidato kwa ncha ya mguu, kwa sababu kila nilipojaribu kushuka kama wengine washukavyo mapaja yaligoma na magoti yakataka kukunjika yenyewe. Mtoto mmoja aliyekuwa akipanda alinipisha, akanitazama kitambo, kisha akaniuliza kwa adabu, "Mjomba, umesahau kitu huko juu?" Nilimjibu kwamba ndiyo, nimesahau, na nadhani sikumdanganya sana, maana akili yangu nilikuwa nimeiacha kwenye ukumbi wa mazoezi siku mbili kabla.

Nilikuwa na umri wa miaka 41, na sehemu kubwa ya utu uzima wangu nilikuwa nimeimalizia kitini. Sababu iliyonipeleka kwenye vyuma haikuwa ya kishujaa hata kidogo: nilikuwa nimepandisha sanduku la safari hadi ghorofa ya pili, nikalazimika kulitua mara tatu njiani, na mara ya tatu nilijifanya natafuta ufunguo ili nisionekane ninahema. Mkufunzi niliyemkuta zamu, kijana mwenye nia njema na mabega mapana, alinipa mazoezi yaleyale aliyokuwa akiyafanya yeye mwenyewe siku hiyo, yaani aina sita za mazoezi ya miguu, kila aina seti tano, seti ikiwa ni fungu la marudio ya mfululizo kabla ya kupumzika, na kila seti iendelee mpaka miguu ikatae. Sikutaka kuwa wa kwanza kuketi. Nilitoka pale nikijiona bingwa, usiku nikalala fofofo, asubuhi nikaamka na ugumu wa misuli unaovumilika, na kesho yake ndipo nilipodaiwa deni lote pamoja na riba.

Maumivu ya aina hiyo yana tabia yake, na anayeanza anafaa kuyajua kabla hayajamtembelea. Huchelewa kuja, hufika kilele kati ya saa 24 na 72 baada ya mazoezi, kisha hupungua yenyewe. Watu wengi bado huyasingizia asidi ya laktiki, ilhali asidi hiyo huwa imekwisha kuondoka kwenye misuli ndani ya saa moja hivi. Yanayouma ni madhara madogo mno yanayotokea ndani ya nyuzi za misuli pamoja na uvimbe unaoyafuata, na madhara hayo hutokea zaidi pale msuli unaporefuka huku umebeba mzigo, kama vile unapochuchumaa polepole au unapoteremsha dambeli, kile chuma kifupi cha kushika kwa mkono mmoja. Ndiyo maana ngazi za kushuka zilinitesa kuliko za kupanda. Jambo lililonishangaza zaidi nilipolisoma ni kwamba ukirudia zoezi lilelile baada ya juma moja au mawili, maumivu huwa madogo sana hata kama mzigo ni uleule. Kwa hiyo maumivu huonyesha ugeni wa zoezi, wala hayawezi kukuambia umefaidika kiasi gani. Aliyezidisha mno, hata hivyo, asipuuze dalili moja: mkojo ukigeuka kuwa wa hudhurungi iliyokoza, misuli ikavimba na mwili ukalegea, huo si uchovu tena, na safari inayofuata ni ya hospitalini, kwa sababu figo zinaweza kuwa hatarini.

Nilikaa siku tisa bila kurudi. Niliporudi, mama mmoja wa makamo aliyekuwa akija saa zilezile, ambaye hakuwa mkufunzi wa mtu yeyote, aliniona nikihangaika na dambeli akanisogelea.

"Mdogo wangu, mara ya mwisho ulibeba kilo ngapi?"

Nilimwambia sikumbuki, ila zilikuwa nzito.

"Basi leo utaongeza nini?"

Alisema hivyo akaenda zake, akakaa kwenye benchi lake, akafungua daftari dogo la kurasa zilizokunjamana na kuandika mstari mmoja. Kila kitu ambacho nimejifunza tangu hapo kuhusu mazoezi ya nguvu kimekuwa ni ufafanuzi wa maswali yale mawili, na kama ningepewa nafasi ya kumwambia anayeanza jambo moja tu, ningemwambia anunue daftari kabla ya kununua viatu.

Maswali hayo yana historia. Katika miaka ya vita kuu ya pili, daktari wa jeshi la Marekani aitwaye Thomas DeLorme alikuwa akiwahudumia wanajeshi walioumia magoti katika hospitali ya kijeshi ya Gardiner mjini Chicago. Desturi ya wakati huo ilikuwa kumpa mgonjwa mzigo mwepesi aurudie mara nyingi, na wengi walikaa wodini muda mrefu huku mapaja yao yakizidi kukonda. DeLorme, ambaye mwenyewe alikuwa mnyanyua vyuma, akafanya kinyume: aliwapa mzigo mzito wa kutosha, akawafunga kiatu cha chuma mguuni, na kadiri mgonjwa alivyopata nguvu ndivyo alivyomwongezea uzito. Alichapisha matokeo yake mwaka 1945. Mwanzoni aliagiza seti 7 hadi 10, lakini kufikia mwaka 1948, akiwa na mwenzake Arthur Watkins, alikuwa amezipunguza hadi seti 3 za marudio 10: ya kwanza kwa nusu ya uzito ambao mtu anaweza kuunyanyua mara 10, ya pili kwa robo tatu yake, ya tatu kwa uzito wote. Ukiingia leo katika ukumbi wowote wa mazoezi ukasikia watu wakisema "seti tatu za kumi," basi unasikia mwangwi wa wodi ile. Nami hunifariji kukumbuka kwamba mpangilio huu ulitengenezwa kwa ajili ya watu waliokuwa hawawezi kutembea vizuri, hivyo haukukusudiwa kumtisha mtu.

Nilianza upya, safari hii kwa siku mbili kwa juma. Nilichagua siku mbili kwa sababu nilijijua, na baadaye nikagundua kwamba mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli yote mikubwa angalau siku 2 kwa juma, mbali na dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kama kutembea haraka. Anayeanza hahitaji kugawa mwili vipandevipande, leo kifua, kesho mgongo, keshokutwa mikono, kama wafanyavyo watu wa mashindano. Anahitaji miondoko michache ambayo mwili unaitumia kila siku: kuchuchumaa na kuinuka, kuinama na kuokota, kusukuma, kuvuta, na kubeba kitu huku unatembea. Kila mwondoko upate seti mbili au tatu za marudio 8 hadi 12, kati ya seti na seti upumzike dakika mbili au zaidi bila kuona aibu, na ndani ya saa moja uwe umemaliza.

Kuchuchumaa nilikujifunza kwa kiti. Unasimama mbele ya kiti, miguu imepanuka kiasi cha upana wa mabega, vidole vya miguu vimeelekea nje kidogo. Unavuta pumzi, unakaza tumbo kama mtu anayetazamia kupigwa ngumi ya mzaha, unashuka mpaka makalio yaguse kiti bila kujitupa, kisha unainuka huku ukitoa pumzi. Visigino visinyanyuke, na magoti yafuate uelekeo wa vidole bila kuangukia ndani. Kuna onyo la zamani kwamba goti lisivuke ncha ya vidole vya mguu. Lilinihangaisha kwa majuma mawili mpaka nilipotambua kwamba hata kwenye kuinuka kitini au kupanda ngazi goti langu huvuka kila siku na halijawahi kulalamika. Ukiweza kurudia mara 12 bila kuyumba, shika dambeli moja kifuani kwa mikono miwili, uendelee.

Kuinama ndiko kulikonishinda kwa muda mrefu, na nadhani huwashinda wengi, kwa kuwa sisi tuliozoea viti huinama kwa kukunja mgongo. Nilichofundishwa ni hiki. Simama ukiupa ukuta mgongo, hatua fupi kutoka ukutani, magoti yamelegea kidogo. Sasa sukuma makalio nyuma mpaka yaguse ukuta, huku kifua kikiinama chenyewe kwa sababu hakina pa kwenda. Ukishagusa, sogea mbele nusu ya urefu wa wayo, urudie. Utahisi nyama za nyuma ya paja zikivutika kama kamba, na hapo ndipo pahali panapotakiwa kufanya kazi. Kisha chukua mpini wa fagio, uulaze wima kwenye uti wa mgongo ili uguse kisogo, katikati ya mabega, na mfupa wa juu ya makalio, halafu uiname vilevile. Mpini ukiachana na sehemu mojawapo kati ya hizo tatu, mgongo umekunjika. Nilifanya zoezi la mpini wa fagio chumbani kwangu kwa majuma matatu kabla ya kuinua chuma chochote kutoka sakafuni, na sijutii hata dakika moja ya majuma hayo.

Kusukuma nilianza ukutani, nikahamia ukingo wa meza imara, halafu nikashuka sakafuni kwenye pushapu zenyewe; kila unapoteremsha mahali mikono iliposhika, uzito unaobeba unaongezeka, na hiyo tayari ni njia ya kuongeza mzigo bila kumiliki chuma. Kuvuta ni dambeli moja kuelekea kiunoni, mkono mwingine umeegemea benchi. Kubeba hakuna cha kufundishwa.

Katika juma la nne nilisogelea ile baa, chuma kirefu ambacho wenyeji wa ukumbini hukiita hivyo bila kutabasamu, ingawa mimi kwa kuijua lugha yangu nilisita kidogo kujitwisha baa mabegani kwa hiari. Baa ya kawaida ya mashindano ya wanaume ina uzito wa kilo 20 ikiwa tupu, ile ya wanawake kilo 15. Katikati ina mikwaruzo ya makusudi ya kushikia, inayouma viganja mwanzoni. Niliibeba tupu, seti tatu za marudio nane, pembeni yangu kijana mwingine akiwa amevisha kwenye ncha za baa yake sahani za chuma, ndizo za kuongezea uzito, nilizoshindwa hata kuzihesabu. Mama wa daftari alipita nyuma yangu akasema tu, "Andika." Nikaandika: 20 x 8 x 3, rahisi.

Neno "rahisi" katika mstari ule ndilo lililonigharimu majivuno mengi, na ndilo lililonisaidia. Sahani ndogo kabisa tulizokuwa nazo zilikuwa za kilo 1.25, kwa hiyo ukiweka moja kila upande unaongeza kilo 2.5. Kila kikao niliongeza hizo kilo mbili na nusu na si zaidi, hata siku nilizojisikia naweza kuongeza kumi. Kikao cha pili 22.5, cha tatu 25, hivyo hivyo hadi cha kumi, nilipokuwa kwenye kilo 42.5 kwa marudio yaleyale. Ukizidisha uzito kwa marudio na seti, kikao cha kwanza nilikuwa nimenyanyua jumla ya kilo 480 na cha kumi kilo 1,020, na baina ya hivyo viwili yamepita majuma matano tu bila siku hata moja ya kushuka ngazi kinyumenyume. Kila seti niliimaliza nikijua kwamba ningeweza kurudia mara mbili au tatu zaidi. Akiba hiyo ndiyo iliyonifanya nirudi siku inayofuata nikiwa na hamu, na ndiyo iliyolinda umbo la mwondoko, maana marudio ya mwisho ya mtu aliyechoka kabisa huwa si zoezi lilelile alilolianza.

Kwa dambeli hesabu ni tofauti kidogo. Kutoka dambeli ya kilo 8 kwenda ya kilo 10 ni nyongeza ya robo nzima, na bega la mgeni halina subira hiyo. Hapo unaongeza marudio kwanza: unakaa kwenye kilo 8 mpaka marudio 8 yawe 12 kwa seti zote, ndipo unachukua kilo 10 na kurudi kwenye marudio 8. Daftari langu la miezi ile limejaa ngazi za namna hiyo, na kusema kweli linachosha kulisoma.

Ilinisumbua kwamba nguvu iliongezeka na mwili kwenye kioo ukabaki uleule. Nilidhani nafanya kosa. Baadaye nilielewa kwamba katika majuma ya mwanzo kinachojifunza zaidi ni mfumo wa neva: ubongo unazoea kuziamsha nyuzi nyingi zaidi za msuli kwa wakati mmoja na kuipangilia misuli inayosaidiana, kabla msuli wenyewe haujanenepa kiasi cha kuonekana. Toshio Moritani na Herbert deVries walilionyesha hilo katika utafiti waliouchapisha mwaka 1979. Anayejipima kwa kioo katika mwezi wa kwanza atakata tamaa bure, ilhali anayejipima kwa daftari ataona maendeleo kila juma. Wanawake ambao wameniuliza kama watajaza misuli bila kutaka nimewajibu kwa ufupi kwamba wapo watu wanaoitafuta misuli hiyo kwa miaka mingi, kwa makusudi, na bado hulalamika kwamba haiji.

Wale wanaosema wameshachelewa ndio ninaopenda kubishana nao zaidi. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake wa Boston walichapisha habari za wazee 10 dhaifu wenye umri wa karibu miaka 90, wanaoishi katika nyumba ya kutunzia wazee, waliofanya mazoezi mazito ya mapaja kwa majuma 8. Tisa kati yao walimaliza, na nguvu za mapaja yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Msuli hupungua kadiri umri unavyosonga, hilo halina ubishi, na Irwin Rosenberg aliupa upungufu huo jina la sarkopenia mwaka 1989. Lakini msuli wa mzee bado husikia unapoitwa.

Kuhusu chakula na usingizi sina mengi. Msuli hujengwa wakati wa kupumzika, kwa hiyo sehemu ileile ya mwili niliipa angalau saa 48 kabla ya kuirudia. Protini ya kiasi cha gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku inatosha kwa anayejenga misuli, maana yake mtu wa kilo 70 anahitaji gramu 112 hivi, na aliyezidisha kiasi hicho hapati faida kubwa ya ziada. Unga wa makopo yenye picha za mikono iliyotuna si wa lazima.

Yanayostahili uangalifu zaidi ni mambo mawili. La kwanza ni pumzi. Ukibana pumzi kwa nguvu wakati wa kunyanyua, shinikizo la damu hupanda ghafla, jambo ambalo mtu mwenye afya hulistahimili, ila mwenye shinikizo la juu la damu, ugonjwa wa moyo au ngiri aongee na daktari wake kabla ya kugusa chuma, na mjamzito vilevile. La pili ni kutofautisha maumivu. Uchungu mzito uliotanda kwenye nyama, pande zote mbili za mwili, siku moja baadaye, unaweza kuutembeza ukapungua. Maumivu makali kama ya sindano, mahali pamoja, kwenye kiungo, yanayokuja palepale zoezini, ni amri ya kusimama. Misuli hupata nguvu upesi kuliko kano zinazoishikiza kwenye mifupa, na tofauti hiyo ya mwendo ndiyo iliyoniponza bega katika mwezi wa tano, nilipoacha kanuni yangu na kuongeza kilo tano za kusukuma kwa sababu tu kulikuwa na watu wanatazama. Juma zima sikuweza kuchana nywele kwa mkono wa kulia.

Miezi miwili baada ya bega kupona nilishikwa na homa, nikakosa majuma matatu. Kabla ya homa nilikuwa nachuchumaa na kilo 65. Nilirudi nikiwa mwepesi na mikono inatetemeka kidogo, nikasimama mbele ya baa nikijadiliana na nafsi yangu kama mtu anayebembelezana na mkopeshaji. Mama wa daftari alikuwa kwenye benchi lake. Hakuniuliza kilo ngapi safari hii, alikuwa ananijua. Niliweka sahani za kilo 10 kila upande, nikafanya seti mbili badala ya tatu, nikaketi, nikafungua ukurasa mpya na kuandika: 40 x 8 x 2, rahisi. Chini yake, kwa penseli, nikaandika namba ya siku inayofuata, 42.5.